Kuchora Ukuta wa Mtaa kwa Pamoja: Mwongozo kwa Wakazi wa Moshi

Mtaa unaotaka kupendeza kwa haraka unaweza kumlipa fundi rangi mmoja, akaja na ngazi yake na kumaliza kazi kwa siku chache. Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili ya kazi ya namna hiyo. Umeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Majengo, Pasua, Njoro, Kiusa, Bondeni na mitaa mingine ya Moshi wanaotaka ukuta wao upendeze na, katika kuupendezesha, wafahamiane na majirani ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakipishana nao njiani kwa salamu tu. Ninaamini kwa dhati kwamba sanaa ya pamoja huwaunganisha watu kabla hata kopo la kwanza la rangi halijafunguliwa, pale wanapochagua ukuta, wanapobishana juu ya picha, wanapochanga na wanapogawana kazi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu mambo yanayotangulia brashi, na ninamwomba msomaji asiyaruke ili kuiwahi sehemu ya rangi.

Ukuta na mwenye ukuta

Ukuta unaofaa ni ule unaopitwa na watu wengi kwa miguu: wa shule ya msingi, wa zahanati, wa ofisi ya mtaa, wa nyuma ya vibanda vya soko, au uzio wa mtu binafsi ulio kwenye kona ambapo bodaboda huegesha na mama lishe hupika. Kabla ya kuupenda, ukagueni. Kwaruzeni lipu kwa kisu; ikimomonyoka kama unga, itabidi ipigwe upya, na lipu mpya inahitaji kukauka kwa muda usiopungua wiki nne kabla ya kupokea rangi. Tazameni sehemu ya chini kama ina unyevu unaopanda kutoka ardhini au chumvi nyeupe inayochomoza juu ya lipu, kwa maana rangi yoyote itakayopakwa hapo itabanduka baada ya msimu mmoja hata ikiwa ya bei kubwa kiasi gani. Ukuta unaoelekea magharibi hupokea jua kali la alasiri, na rangi yake hufifia mapema kuliko ya ukuta ulio kivulini.

Ukuta ukishafaa, mfuateni mwenyewe. Ridhaa ya mdomo haitoshi, hata ikitolewa na mzee mwenye heshima ambaye hajawahi kuvunja ahadi, kwa kuwa nyumba hurithiwa na huuzwa, na mrithi hafungwi na maneno yaliyosemwa na baba yake barazani. Andikeni ukurasa mmoja unaotaja ukuta wenyewe, muda wa picha kukaa (miaka mitano ni muda wa haki), watu watakaoitunza, na jambo litakalofanyika mwenye ukuta akitaka kuvunja au kujenga. Ukurasa huo utiwe saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na nakala ibaki ofisini kwake. Mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata nao wajulishwe, na barua fupi ipelekwe kwa afisa utamaduni na afisa maendeleo ya jamii wa Manispaa. Kwa ukuta wa shule, ruhusa hutoka kwa mwalimu mkuu pamoja na kamati ya shule. Ukuta uliokwisha kupigwa alama nyekundu ya X, au uliomo ndani ya hifadhi ya barabara, uacheni, kwa sababu TARURA na TANROADS, wakala wa serikali wanaosimamia barabara, wanaweza kuuondoa wakati wowote, na hakuna jambo linalowavunja moyo majirani kama kuona kazi ya mikono yao ikiangushwa na greda.

Kuipata picha

Hapa ndipo kazi halisi ilipo. Kosa linalozoeleka ni kuitisha mkutano mmoja, kuuliza watu wanataka picha gani, na kusikia majibu ambayo yangetolewa na mtu yeyote: Mlima Kilimanjaro, tembo, twiga, mikono inayoshikana. Picha hizo ni nzuri, lakini tayari ziko kwenye kila duka la vinyago, na mtu wa Pasua hatasimama mbele ya twiga akamwambia mwanawe kwamba huyo ni wetu. Ulizeni swali jingine: ni kitu gani cha mtaa huu ambacho mgeni hawezi kukijua asipoambiwa? Swali hilo huwafungua watu vinywa. Mzee mmoja atataja mti uliokuwa kituo cha mabasi kabla ya stendi kuhamishwa, mama mmoja atataja bomba ambalo mtaa mzima ulipanga foleni ya ndoo, na mwingine atakumbuka honi ya treni ya abiria iliyokuwa ikifika Moshi, ikasimama kwa zaidi ya miaka 20, kisha ikarudi Desemba 2019. Watoto hutaja vitu ambavyo watu wazima wamekwisha kuacha kuviona, na kwa sababu hiyo wasikosekane.

Swali hilo lisiulizwe katika mkutano wa hadhara peke yake, kwa kuwa katika mkutano huo husikika wale wale waliozoea kushika kipaza sauti. Liulizeni kwa wanawake katika siku yao ya kikundi cha kuweka na kukopa, kwa vijana kijiweni, kwa wazee baada ya swala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili, kwa wanafunzi darasani, na kwa wapangaji wa vyumba ambao mara nyingi huonekana kuwa si watu wa mtaa ingawa ndio wengi. Wapangaji hao wakiachwa nje, ukuta utakuwa wa wenye nyumba. Mwandikeni mtu mmoja anayeaminika awe katibu, ayaandike majibu yote katika daftari bila kuyachuja, kisha yasomwe kwa sauti katika mkutano wa mtaa. Mtu akisikia neno lake likisomwa mbele ya majirani, kuanzia siku hiyo atakuja bila kuitwa.

Mabishano yatatokea, na ninashauri yapokelewe kwa uvumilivu. Chukueni mfano wa mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga. Kwa familia nyingi za Kichaga, mtungi wa mbege ni alama ya harusi, matambiko na upatanisho wa wazee. Kwa jirani Mwislamu, au kwa mlokole wa mlango wa pili, ni pombe iliyochorwa mbele ya watoto wake. Njia rahisi ni kupiga kura, nami ninaipinga. Atakayeshindwa kwa kura ataupita ukuta huo asubuhi na jioni kwa miaka mitano, na kila apitapo atakumbushwa kwamba hakusikilizwa. Rudini nyuma ya kitu mpaka kwenye jambo ambalo kitu hicho kinalisimamia. Ikiwa mtungi ulisimamia upatanisho, kuna namna nyingi za kuchora watu waliokaa duara wakisikilizana, na kuna migomba yenyewe, iliyo chakula kabla ya kuwa kinywaji. Mifereji ya asili ya milimani, iliyochimbwa na kutunzwa na koo kwa zamu kwa vizazi vingi, inaeleza kuishi pamoja bila kumkera yeyote, kama vile msaragambo wenyewe, yaani kazi ya pamoja ya wanajamii, unavyoweza kuchorwa.

Katika kupanga watu ndani ya picha, tuna mwalimu wa karibu. Sam Ntiro, mchoraji aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere na kisha katika chuo cha sanaa cha Slade mjini London, aliyachora maisha ya Wachaga akionyesha watu wengi wakifanya jambo moja: wanavuna, wanakata kuni, wanabeba pombe ya harusi. Mchoro wake mmoja wa mwaka 1956 umehifadhiwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Somo lake kwa ukuta wa mtaa ni kwamba watu wawe wengi na wadogo, asiwepo mkubwa mmoja katikati. Picha ya namna hiyo humpa kila mtu nafasi ya kujiona, na huondoa ugomvi wa kuuliza ni uso wa nani umechorwa. Msichore nyuso za viongozi walio hai. Kama mtaa unataka kumkumbuka marehemu aliyeutumikia, mkunga au mwalimu, familia yake iombwe kwanza na ikubali kwa maandishi.

Kwa upande wa mtindo, tazameni ufundi ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Sisemi mnakili ndege na wanyama wake. Ninasema mjifunze rangi bapa zisizo na vivuli vingi, umbo lenye mstari safi unaolizunguka, na mandhari ya nyuma iliyo tulivu. Mtindo huo unafaa sana kwa kazi ya mikono mingi, kwa kuwa rangi bapa inaweza kujazwa na mtu ambaye hajawahi kushika brashi, na mstari wa mwisho ukapigwa na mwenye mkono thabiti, kazi nzima ikaonekana imetoka kwa mtu mmoja.

Rangi nazo zina maana zake. Nyekundu na nyeupe zikitawala, watu wataiona Simba. Kijani na njano zikitawala, wataiona Yanga, na uchaguzi ukikaribia wataona chama. Hakuna rangi inayokatazwa, ila jozi hizo zisikae peke yake katika eneo kubwa. Mkianza na udongo mwekundu, kahawia, buluu ya mlima wa asubuhi na nyeupe, mtapata ukuta uliotulia, na kijani cha migomba kitaingia bila kuibua maswali.

Mchora mabango, vijana na wageni

Mtafuteni msanii wa kuongoza kazi karibu na nyumbani. Karibu kila mtaa wa Moshi una mchora mabango, yule aliyechora vichwa vya wateja kwenye saluni, ng'ombe kwenye bucha na maneno nyuma ya bajaji. Huyu anajua kuchora kwa kipimo kikubwa, anajua rangi ipi huhimili jua la hapa, na amezoea kufanya kazi watu wakimtazama na kumkosoa. Mlipeni. Kazi ya kujitolea ni ya majirani. Fundi anayeacha wateja wake kwa wiki mbili anastahili ujira, na makubaliano yake yaandikwe kabla hajaanza.

Vijana wanaoandika majina yao kwenye kuta usiku waalikwe mapema, tena kwa heshima. Mpango mkubwa wa michoro ya ukutani wa mji wa Philadelphia nchini Marekani ulianza mwaka 1984 ukiwa sehemu ya juhudi za jiji za kupambana na maandishi ya ukutani, na kilichoufanikisha ni kuwapa brashi na dhamana vijana wale wale waliokuwa wakiandika. Leo mji huo una maelfu ya michoro. Kijana aliyechora kipande cha ukuta wa Njoro ndiye atakayemzuia mwenzake asiuchafue, na atafanya hivyo vizuri kuliko mgambo.

Moshi hupokea wageni wengi wanaokuja kupanda mlima au kujitolea, na baadhi yao hufurahi kupaka rangi kuta za shule na vituo vya watoto. Nia yao ni njema na mikono yao ina msaada. Hata hivyo wageni wasiichague picha wala wasiichore mistari yake. Wapewe brashi siku ya kujaza rangi, wakae kando ya watoto na akina mama, na waelekezwe kama msaidizi yeyote. Ukuta uliobuniwa na mtu aliyekaa wiki tatu akaondoka hubaki bila mwenyewe siku unapoanza kubanduka.

Hesabu na vifaa

Tuchukue ukuta wenye urefu wa mita 12 na kimo cha mita 2, yaani mita za mraba 24. Lita moja ya rangi ya maji ya nje hufunika takribani mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, yaani kwa kupaka mara moja, na chini ya hapo kama lipu ni ya kukwaruza. Kwa tahadhari hesabuni mita za mraba 8: praima (rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta) lita 3, rangi ya msingi mikono miwili lita 6, kisha rangi za picha. Za picha zisinunuliwe kila moja kwa kopo lake. Nunueni nyeupe kwa wingi, na nyekundu, njano, buluu, nyeusi na kahawia ya udongo kwa makopo madogo ya lita moja, kisha mchanganye rangi nyingine wenyewe katika ndoo tupu za mafuta ya kupikia. Changanyeni rangi ya kutosha kumaliza sehemu yote inayohusika, kwa kuwa kuipata tena rangi ile ile siku ya pili ni kazi ngumu. Rangi za udongo hudumu juani. Nyekundu kali na njano kali huwa za kwanza kufifia, basi ziwekwe mahali padogo panapofikika kwa urahisi wa kurudia.

Rangi ya mafuta itumike mahali pamoja tu: mkanda mweusi au wa kahawia wa sentimita 50 chini ya ukuta, ambapo matone ya mvua hurusha tope. Mkanda huo upakwe na watu wazima. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za zamani, zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa sababu hiyo hiyo, ukuta wenye rangi kuukuu ya mafuta usipigwe msasa mkavu. Ulowesheni kwanza, na watoto wakae mbali.

Fedha zichangwe kwa viwango vidogo ili mchango wa mwenye kidogo usionekane aibu. Muuza mbao akitoa ngazi, muuza vigae akitoa vipande vilivyovunjika (vinavyofaa kutengeneza fremu ya kuzunguka picha), na mama lishe akitoa uji, yote hayo yaandikwe kama mchango pamoja na shilingi. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ofisi ya mtaa kila wiki. Kampuni ikijitolea kuleta rangi kwa sharti la kuweka nembo yake kubwa, ninashauri ishukuriwe na kukataliwa: nembo hugeuza picha kuwa tangazo, na tangazo linaweza kudaiwa ada. Majina ya wote waliotoa, kampuni na watu, yaandikwe kwa herufi zinazolingana kwenye kona moja.

Siku za kazi

Msianze wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, wala mara tu mvua zinapokatika, kwa kuwa ukuta huwa bado umenywa maji. Miezi ya Julai hadi Oktoba ndiyo inayofaa zaidi. Januari na Februari zinawezekana, ila joto la Moshi hukausha rangi kwenye brashi, na vumbi hushika ukuta mbichi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo watu wamezoea kuitumia kwa usafi, ni siku nzuri ya kusugua ukuta, kuziba nyufa na kuzibua mfereji ulio mbele yake. Praima ifuate, kisha mikono miwili ya rangi ya msingi, kila mmoja ukiachwa ukauke.

Kuihamisha picha kutoka karatasini ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Mchoro uchorwe kwenye karatasi za manila zilizounganishwa, kwa urefu wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 20, kisha ugawanywe katika miraba ya sentimita 5. Ukutani pigeni miraba ya sentimita 50 kwa uzi uliopakwa chaki, mkitumia timazi ili mistari isilale. Mtapata miraba 96, na kila kilichomo katika mraba wa karatasi kitachorwa katika mraba wake ukutani. Mchora mabango akishamaliza mistari, aandike kwa chaki namba ndogo ndani ya kila umbo, na kila ndoo ya rangi ipewe namba yake. Kwa utaratibu huo hata bibi aliyekuja kutazama tu anaweza kuambiwa achukue namba nne na kujaza majani manne ya mgomba, naye akarudi nyumbani akiwa amechora.

Gawanyeni siku kwa zamu za saa mbili ili wafanyabiashara wasikose riziki, na changanyeni watu katika kila zamu: mzee na mtoto, mpangaji na mwenye nyumba, wa msikitini na wa kanisani. Wakiachwa wajichagulie, kila mtu atasimama karibu na rafiki yake. Kazi ifanywe asubuhi na baada ya saa kumi jioni, jua linapopungua. Watoto wapake sehemu wanayoifikia wakiwa wamesimama chini. Ngazini wapande watu wazima, na pasiwe na ngazi karibu na nyaya za umeme. Maji yaliyooshea brashi yamwagwe kwenye shimo, yasiingie mferejini, maana maji ya mito ya Njoro na Rau humwagilia mpunga wa wakulima wa Lower Moshi. Mistari ya mwisho apige fundi peke yake, siku yake, pakiwa pametulia.

Baada ya rangi kukauka

Vanishi ya mafuta haifai juu ya picha ya nje, kwa kuwa hugeuka njano. Kama hakuna ya maji, ni afadhali kuacha. Rangi zilizobaki zifungwe vizuri, ziandikwe namba, na zitunzwe ofisini pamoja na daftari la vipimo vya mchanganyiko. Chagueni walinzi wawili wa ukuta, mmoja kijana na mmoja mtu mzima. Mtu akibandika karatasi ya mganga au tangazo la mnada, libanduliwe siku hiyo hiyo, na palipochafuka parudiwe rangi ya namba yake. Bango la kwanza likiachwa, la kumi litafika kabla ya mwezi kwisha. Kila masika yakipita, ukuta uoshwe kwa maji na sifongo laini na nyufa zizibwe, na waliochora waitwe tena kwa kazi hiyo.

Majirani wa mtaa wa pili wakiona, watataka wa kwao, na hamu ya kuanza ukuta mwingine mara moja itakuwa kubwa. Subirini masika moja yapite kwanza juu ya ukuta wenu. Yatawaonyesha ni rangi zipi zilizoshika na ni kona ipi inayopitisha maji, na yatawaonyesha pia ni akina nani waliokuja kuosha. Hao ndio wawe kamati ya ukuta wa pili.